Kwa nini wanawatukana wenzao?

Kelele hizo wengi wenu mmekwisha kuzisikia. Kijana yumo chumbani peke yake, mlango umefungwa, hakuna mgeni aliyeingia, walakini ndani mnasikika ugomvi. Mara anasema Kifaransa, mara Kiswahili, na maneno anayotumia hakufundishwa nyumbani. Mama yake anafungua mlango. Anamkuta mtoto na mashini yake, basi.

"Unamtukana nani?"

"Mtu mmoja, mama. Hayupo hapa. Yuko Ulaya."

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Lubumbashi alitujia na shauri hilo baada ya Pasaka. Alitaka neno moja tu: mchezo huu ni mbaya au si mbaya? Ingekuwa rahisi kumjibu papo hapo. Watu wengi wanahukumu michezo ya kompyuta bila kuigusa, na sisi vilevile tuliwahi kufanya hivyo mbele ya watoto wa katekismu. Lakini mwanawe, kijana wa miaka 19, mwimbaji wa kwaya yetu, alitujibu kwa heshima hata tukashindwa kukataa: "Mwalimu, hata kitabu unakisoma kwanza." Basi tulikaa naye. Jioni mbili kila juma, mpaka katikati ya kiangazi, yeye akitufundisha, sisi tukicheza vibaya. Tunayoandika hapa ni maneno ya mtu aliyeona, na tena, kama mtakavyosoma, ya mtu aliyekosa.

Mchezo wenyewe unaitwa League of Legends. Ulitolewa mwaka 2009 na kampuni ya Marekani, Riot Games. Tangu mwaka 2011 sehemu kubwa ya kampuni hiyo, na tangu mwaka 2015 kampuni nzima, ni mali ya Tencent ya China. Kuucheza ni bure. Faida inapatikana kwa kuuza mavazi na mapambo ya mashujaa wa mchezo, vitu ambavyo havimwongezei mchezaji nguvu. Watu kumi wanakutana kwa njia ya intaneti, watano upande huu, watano upande ule, na kila mmoja anachagua shujaa wake kati ya zaidi ya 160. Uwanja una njia tatu, na kati ya njia hizo kuna pori. Njiani kuna minara ya ulinzi, na ndani ya boma la kila ekipe kuna jiwe kubwa linalong'aa. Ekipe inayovunja jiwe la wapinzani imeshinda. Mchezo mmoja unachukua nusu saa hivi, mara nyingine zaidi.

Tuseme haki: ni kazi nzuri. Anayejua kisolo, jinsi mchezaji hodari anavyohesabu mbegu katika mashimo ya mwenzake kabla hajainua mkono, ataelewa utamu wake. Mchezaji anajiuliza: adui yangu amekwisha kupata dhahabu ngapi, ametumia nguvu gani, nguvu hiyo itamrudia baada ya sekunde ngapi, na yule aliyejificha porini yuko upande gani? Kuna kujitoa pia. Shujaa mmoja anakubali kufa ili wengine wanne wapate kupita. Mara mbili tatu tuliona jambo hilo likifanywa na watu wasiojuana, bila neno lolote, tukafurahi kweli. Mzazi anayesema kwamba mtoto wake anapoteza wakati kwa upuuzi mtupu hajatazama vizuri.

Ndiyo sababu matusi yalitushangaza zaidi. Tulikuwa tumetazamia matusi kati ya adui na adui, kama yale ya uwanja wa mpira. Kumbe sivyo. Katika jioni zetu zote wapinzani walitutukana mara chache sana. Waliotutukana ni wenzetu wanne, watu wa ekipe yetu, waliokuwa wakitaka kushinda pamoja nasi.

Jambo hili lapingana na mafundisho tuliyopewa seminarini. Huko tulisoma habari za jaribio la mwaka 1954. Mtaalamu Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka watoto wanaume 22, wa miaka 11 hivi, katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Wakawagawa makundi mawili, wakawashindanisha kwa mpira na kwa kuvuta kamba. Upesi makundi yakaanza kutukanana, yakachomeana bendera. Kisha wakawapa shida ambazo kundi moja lisingeweza kuzimaliza peke yake. Gari la kuleta chakula likakataa kuwaka, na watoto wote wakalivuta kwa kamba ile ile waliyokuwa wameshindania. Chuki ikapungua. Wengine baadaye wamelaumu namna jaribio lile lilivyoendeshwa, lakini fundisho lake limebaki vitabuni: mashindano yanaleta uadui na watu wa nje, kazi moja inaleta umoja. Sasa katika mchezo huu watu watano wana kazi moja, gari moja, kamba moja. Kwa nini basi wanaumana?

Jibu letu ni hili: namna mchezo ulivyojengwa inamfanya mwenzako aonekane hatari kwako kuliko adui.

Shujaa akiuawa, aliyemwua anapata dhahabu, kwa kawaida 300, na kwa dhahabu hiyo ananunua silaha. Basi kosa la mwenzako halikai kwake. Linakuwa upanga mkononi mwa adui, na baada ya dakika chache upanga huo unakuja katika njia yako. Wachezaji wana neno lao: wanasema fulani "analisha". Anayekufa mara nyingi anamlisha adui, kana kwamba amechukua chakula cha nyumba akawapelekea wezi. Katika mpira wa miguu mlinzi akikosa tumefungwa bao moja, kisha tunaanza tena katikati ya uwanja, watu 11 kwa 11, miguu yao haikuongezeka nguvu. Hapa hakuna kuanza tena. Kosa la dakika ya nne lingali linatutesa dakika ya 25, na aliyelitenda bado yupo mbele ya macho yetu.

Halafu yuko mtu wa porini. Wanne wanakaa katika njia zao, mmoja juu, mmoja katikati, wawili chini. Wa tano anazunguka porini, anaua wanyama, na anatokea ghafula kumsaidia huyu au yule. Hawezi kuwa mahali pote. Akienda juu, wa chini wanalia kwamba wameachwa. Akienda chini, wa juu anauawa na kuandika jina lake kwa herufi kubwa. Kazi hiyo tulipewa mara nne tu, na mara zote nne tulilaumiwa na watu watatu kwa sababu tatu zisizopatana. Tukamkumbuka katekista mwenye vijiji vitano na baiskeli moja: kila kijiji kina hakika kwamba anapenda kijiji kingine.

Tena, angalieni saa ambayo matusi yanaandikwa. Wasiojuana wanazungumza hasa kwa kuandika, na anayepigana hana mkono wa kuandika. Anayeandika ni aliyekufa. Shujaa akifa, kioo kinapoteza rangi, kinakuwa kijivu, na mchezaji anangoja kufufuka: mwanzoni sekunde chache, mwishoni karibu dakika nzima. Ameaibika, mikono yake haina kazi, na mbele yake anaona wenzake wakifanya makosa ambayo yeye, kwa kuwa amekufa, hawezi kuyafanya. Tulichunguza jambo hilo juma zima, kijana akihesabu pamoja nasi. Karibu matusi yote tuliyosoma yaliandikwa na wafu.

Wala huwezi kuondoka. Anayetoka katikati anaadhibiwa, na ni haki, kwa kuwa anawaachia wanne mzigo wa watano. Kujisalimisha kunapigiwa kura, na kutoka dakika ya 20 zatakiwa kura nne kati ya tano. Wawili wakikataa, watatu wamefungwa pamoja nao. Ugomvi wa watu waliofungiwa chumba kimoja, kila mama wa nyumba anaujua.

Juu ya hayo yote kuna vyeo. Ni ngazi: Chuma, Shaba, Fedha, Dhahabu, na kuendelea hata juu kabisa. (Watu wa Katanga mtacheka: huko shaba ni karibu na sakafu.) Ekipe ikishinda, kila mmoja anapata alama, ikishindwa, kila mmoja anapoteza, hata aliyecheza vizuri kupita wote. Cheo ni cha mtu mmoja, lakini kinategemea watu wanne aliopewa na mashini nusu saa iliyopita, ambao pengine hatawaona tena. Na kwa kuwa mashini inatafuta daima wapinzani wa nguvu sawa, mtu aliyefika mahali panapomfaa atashindwa karibu nusu ya michezo yake. Nani atakubali kwamba mahali pake ni pale?

Kijana wetu alikuwa amekaa katika cheo cha Fedha miaka miwili. Alituambia, bila kucheka, kwamba yeye ni wa Dhahabu, ila anapewa wajinga.

"Na wale wanne," tukamwuliza, "wao wanasema nini juu yako?"

Akafikiri kidogo, kisha akaanza mchezo mwingine.

Wachezaji wana jina la hali hiyo. Wanaiita jehanamu: mahali pa chini ambapo mtu hodari amefungwa kwa makosa ya wenzake. Sisi tumefundisha katekismu miaka 12, na hatukuwahi kusikia habari za jehanamu ambayo ndani yake kila mtu hana kosa.

Sasa habari yetu wenyewe. Ilikuwa jioni moja ya mwezi wa sita. Tulitumwa njia ya chini pamoja na mtu tusiyemjua. Akafa mara moja, akafa mara ya pili, akaenda mbele peke yake akafa mara ya tatu. Sisi tukabaki wawili kwa mmoja, tukauawa. Kioo kikawa kijivu. Tukaandika kwa Kifaransa: "Mpumbavu wewe, nenda ukalale." Kijana aliyeketi karibu nasi alicheka hata akashika meza. Yule mtu akajibu neno moja tu, "Samahani", na hakuandika tena mpaka mwisho. Huenda alikuwa mtoto. Huenda alikuwa mzee kutupita. Asubuhi ile ile tulikuwa tumewasahihisha watoto wa komunyo ya kwanza kwa ajili ya neno jepesi kuliko letu.

Wengi wanasema sababu ni kuficha uso. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliandika jinsi ulimi wa mtu unavyofunguka anapokuwa nyuma ya mashini, bila jina wala macho ya mtu mbele yake. Ni kweli, lakini haitoshi. Jioni ile mtu anayetujua kwa jina na kwa kazi alikuwa ameketi nasi bega kwa bega, na tuliandika vilevile.

Kampuni haikulala. Mwaka 2011 ilianzisha baraza la hukumu: wachezaji wenyewe walisoma maneno ya mshitakiwa, wakapiga kura aadhibiwe au aachiliwe. Baraza hilo likafungwa mwaka 2014. Miaka ile mtaalamu wa elimu ya ubongo, Jeffrey Lin, aliongoza kikundi cha kampuni kilichochunguza tabia za wachezaji. Watu walikuwa wakidhani kwamba matusi yanatoka kwa wabaya wachache: wafukuzeni hao, uwanja utakuwa safi. Hesabu zake zilionyesha jambo jingine. Wachezaji wanaotukana kila siku walikuwa kama asilimia 1, na maneno yao yalikuwa kama asilimia 5 tu ya matusi yote. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida, wanaocheza siku nyingi bila neno baya, kisha siku moja wanalipuka. Tulipoisoma hesabu hiyo, baada ya jioni ile ya mwezi wa sita, tulijua tumeandikwa upande gani.

Kikundi hicho kilijaribu mambo mengine yenye akili. Kilifunga mazungumzo kati ya ekipe mbili, lakini kila mchezaji akiyataka aliweza kuyafungua kwa kubonyeza mara moja. Wengi wakayafungua. Hata hivyo maneno mabaya yalipungua karibu theluthi moja, na maneno mazuri yakaongezeka kwa kadiri ile ile. Kubonyeza kule kulimpa mtu nafasi ya kujiuliza anataka kusema nini. Tena, waliofungiwa mchezo na kuonyeshwa maneno yao wenyewe, yaliyoandikwa kwa mkono wao, walijirekebisha zaidi kuliko waliofungiwa bila kuambiwa neno. Jambo hili la mwisho kila mwalimu wa shule angeweza kuwaambia, lakini ni vema wamelipima.

Dawa hizi tunazisifu. Lakini angalieni zinaponya nini. Mwezi wa kumi mwaka 2021 kampuni iliyafunga tena mazungumzo kati ya wapinzani, safari hii bila ruhusa ya kuyafungua, na ya ndani ya ekipe ikayaacha. Mlango wa adui ulifungwa, mlango wa mwenzako ukabaki wazi, kwa sababu ekipe yahitaji kupatana. Wala maneno si ya lazima kwa anayetaka kutukana. Kuna alama ndogo za kuulizia adui amekwenda wapi. Wachezaji wanaziweka juu ya maiti ya mwenzao, tano, sita, saba, ti-ti-ti, mpaka aone haya. Ilikuwapo alama nyingine, ya chambo, ya kuonyesha mtego. Ikageuzwa kuwa tusi, na mwaka 2023 kampuni ikaiondoa. Ukimnyang'anya mtu fimbo huku mkono wake ungali na hasira, ataokota jiwe.

Lawama yetu kwa watengenezaji ni kwamba wamefanya kazi nyingi juu ya ulimi, na kidogo juu ya mizani. Wanaacha hesabu ya vyeo inayomfanya kila mgeni kuwa deni, kisha wanashangaa watu wakidaiana kwa ukali. Tulidhani tumepata dawa: kila mmoja apimwe peke yake, anayecheza vizuri asipoteze alama kwa kosa la mwingine. Tulimweleza kijana kwa fahari kidogo. Akatikisa kichwa. "Ikiwa hivyo, Mwalimu, nani atakubali kufa kwa ajili ya wengine?" Naye alikuwa na haki. Siku ile kila mtu angelinda alama zake, na lile jambo zuri tulilolisifu hapo juu lingekwisha. Kamba inayowaunganisha hata mmoja afe kwa ajili ya wanne ndiyo hiyo hiyo inayowakaba shingo. Tumeligeuza shauri hili mara nyingi, na hatukupata namna ya kuikata nusu moja tu.

Wazee watasema: mpira nao una matusi. Bila shaka. Katika mji wetu huu, mwaka 1939, mapadri Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi walianzisha ekipe ya wanafunzi, na ekipe ile ndiyo leo TP Mazembe. Hatutawadanganya kwamba tangu siku ile hakuna mchezaji aliyemtukana mwenzake kwa kukosa bao. Lakini aliyemtukana alikutana naye kesho yake darasani au kisimani, na mama zao walikutana sokoni. Tusi lilikuwa na bei, na samahani ilikuwa na mahali pa kusemwa. Yule tuliyemwita mpumbavu tungemtafuta wapi? Mchezo ulipokwisha, kioo kilituonyesha dhahabu zake na idadi ya mauti yake, kisha mashini ikatutafutia wengine.

Kwamba shida si mashindano yenyewe, twaona kwa mabingwa. Ekipe ya T1 ya Korea ya Kusini, ambayo mkubwa wake ni Lee Sang-hyeok, anayejulikana kwa jina la Faker, ilikuwa na watu watano wale wale kwa miaka mitatu. Mwaka 2022 walishindwa katika mchezo wa mwisho wa dunia huko San Francisco, seti tatu kwa mbili, mbele ya ekipe ya DRX ambayo watu wengi hawakuitazamia. Mmoja angeweza kumtupia mwenzake lawama. Hawakuachana. Mwaka 2023 wakashinda huko Seoul, na mwaka 2024 wakashinda tena huko London. Wanaketi bega kwa bega, wanasikiana sauti, na mchezo ukiisha wanakwenda kuwasalimu wapinzani. Dhahabu ni zile zile, pori ni lile lile, mauti ni yale yale. Ila hao wanajua kwamba kesho wataamka pamoja.

Hatutaki kuwatisha wazazi. Iko habari inayosimuliwa mara nyingi, na ni ya kweli. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017, wachezaji wawili wa mchezo mwingine, Call of Duty, waligombana katika mchezo wenye dau la dola moja na senti 50. Mtu wa tatu aliyekuwa Los Angeles akawapigia simu polisi wa Wichita, jimbo la Kansas, akawadanganya kwamba katika nyumba fulani kuna mauaji. Polisi wakafika, wakampiga risasi mtu wa miaka 28 mlangoni pake. Hakuwa mchezaji, wala hakuwajua. Aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019. Habari hii ni ya kutisha, lakini anayeitumia kama picha ya michezo hii yote anafanya kosa lile lile la kutafuta wabaya wachache. Huko Wichita mtu aliuawa, na wenye hatia walitafutwa wakapatikana. Neno letu la jioni ile halikumwua mtu, hakuna aliyetushitaki, na maneno ya namna hiyo yanaandikwa na watu kama sisi, walimu, wanafunzi, baba wa nyumba, kila usiku.

Mama yule tulimjibu mwezi wa saba. Tulimwambia mchezo si mbaya, na mtoto wake si mwovu, lakini aangalie saa. Asimkataze mchezo wa kwanza. Baada ya kushindwa mara mbili mfululizo amwite aje ale. Kijana akiwa amekwisha kushindwa mara mbili anaingia mchezo wa tatu kudai alichopoteza, na hapo kila mwenzake ni mdaiwa. Kama anaweza kupata marafiki wanne anaowajua, acheze nao, hata wakishindwa kila siku. Mama alisikiliza, akauliza mashini ile inakula umeme wa franka ngapi kwa mwezi. Hilo hatukujua.

Juu ya umeme kuna jambo moja zaidi. Mashini haijui tofauti ya mtu aliyekimbia na mtu aliyekatikiwa umeme. Mtu wa Paris akizima kompyuta kwa hasira, na mtu wa Lubumbashi akibaki gizani kwa sababu mtaa mzima umezimika, adhabu yao ni moja. Kijana wetu amefungiwa mara nyingi kwa kosa hilo. Jumamosi iliyopita tulikuwa naye. Dakika ya 19, ekipe yetu ikiwa mbele kwa minara miwili, taa ikazimika. Redio ya jirani ikanyamaza. Kijana aliondoa mikono yake juu ya mashini, akaiweka magotini, tukakaa kimya.

"Sasa wanaandika, Mwalimu," akasema.

Hatukumwuliza wanaandika nini.